Bumu lote linaishia kwenye printa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 23, nasoma ubunifu majengo mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Kilwa Kivinje. Baba alikuwa fundi mwashi, alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama anakaanga samaki na mihogo sokoni, na kwa biashara hiyohiyo anatulea mimi na wadogo zangu wawili. Nakuandikia wewe kwa sababu uliwahi kusema hapa kwamba kabla ya kustaafu ulikuwa mbunifu majengo. Labda utanielewa bila kunicheka.

Mkopo nimepata, sikatai. Sehemu kubwa ya ada inalipwa, na bumu, yaani hela ya kujikimu, linaingia. Lakini wenzangu wa kozi nyingine bumu wanakula, mimi naliprinti. Muhula uliopita tulitakiwa kuleta shiti saba za A1 za rangi pamoja na modeli. Kuprinti peke yake kulinimaliza elfu sitini na kitu, hapo sijahesabu kadibodi, gundi na nyembe. Baada ya hapo nilikaa wiki tatu nakula mara moja kwa siku. Laptop yangu niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Nikifungua Revit, programu ya kuchora majengo, feni inanguruma, naenda kuoga, narudi bado inafunguka.

Sasa nimefanya jambo baya. Mara mbili sikutokea siku ya kuwasilisha kazi. Kazi ilikuwepo, Mjomba, iko kwenye flashi mpaka leo, sikuwa na hela ya kuitoa kwenye karatasi. Nilimwambia mwalimu wa studio kwamba naumwa. Mara ya kwanza alinipa pole. Mara ya pili ameniambia nilete karatasi ya hospitali kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kijana mmoja tuliyepanga naye nyumba moja ana ndugu yake zahanati, anasema karatasi inapatikana kwa elfu kumi.

La pili ni mama. Juzi maneno yalinitoka, nikamweleza habari ya laptop. Jana kanipigia kwa furaha kwamba kuna watu wa mikopo ya haraka wamefika sokoni, yeye ataweka friji dhamana na atarejesha kidogo kidogo kila siku. Hao ni kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya. Mama wa jirani yetu walimbebea mpaka magodoro. Nilitaka kumkataza, nikakosa la kusema, nikakata simu na kusingizia chaji.

Baba mdogo anasema niache chuo nirudi, atanipa kazi saiti. Anasema nyumba hujengwa na fundi, mchoro ni karatasi tu. Pengine mkopo wenyewe ungekuwa mkubwa zaidi, ila wakati wa kuomba nilishindwa kuweka cheti cha kifo cha baba. Alifia nyumbani, tukamzika siku ileile, na hakuna aliyefuatilia cheti mpaka leo.

Nimwambie mwalimu ukweli au ninunue ile karatasi? Mama nimzuie vipi? Au baba mdogo ndiye mwenye akili kuliko sisi wote?

Mtoto wa Fundi, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza kula. Kama leo hujala, weka simu chini ukatafute wali maharage, haya maneno utayakuta.

Nianze na Ijumaa, maana mengine yanaweza kungoja. Karatasi ya elfu kumi usiinunue. Kughushi hati ni kosa la jinai, na chuo kikigundua hutakuwa tena na shida ya printa kwa sababu hutakuwa na studio. Mwanafunzi aliyeishiwa ana watu kadhaa wa kumsikiliza pale chuoni. Aliyeleta cheti cha uongo anasikilizwa na kamati ya nidhamu basi. Halafu hebu jiulize, hiyo elfu kumi ungeitoa wapi? Tumboni. Ungeshinda njaa ili ununue uongo wa tatu wa kufunika miwili ya mwanzo.

Nenda kwa mwalimu wako wiki hii. Usimvizie kwenye korido akiwa na wenzake, omba dakika kumi ofisini. Beba ile flashi, ndiyo shahidi wako. Kila faili hubaki na tarehe lilipohifadhiwa mara ya mwisho, kwa hiyo mwalimu ataona mwenyewe kwamba kazi ilikuwa imekamilika kabla ya siku ya kuwasilisha. Ila usilifungue leo ukalirekebisha na kulihifadhi upya, utafuta ushahidi wako kwa mkono wako. Ukitaka kuboresha kitu, boresha kwenye nakala.

Maneno ya kumwambia hayazidi haya: “Mwalimu, naomba radhi. Mara zile mbili sikuwa naumwa, nilikudanganya. Kazi ilikuwa tayari, hii hapa. Sikuwa na fedha ya kuprinti nikaona aibu kusema. Naomba unielekeze namna ya kuiwasilisha, hata kwa alama pungufu.” Kisha nyamaza. Usianze kumsimulia kuanzia Kilwa. Akikuuliza kuhusu nyumbani, mjibu. Asipouliza, ameshaelewa.

Anaweza kukasirika, na haki anayo. Anaweza pia kukwambia sheria za mtihani hazimruhusu kukurudishia alama zote. Kubali. Nimekaa mara nyingi kwenye ile meza ya wasahihishaji, nikialikwa kutoka nje, na nakwambia jambo ambalo walimu wengi hawalisemi kwa sauti: mwanafunzi aliyeleta plani nzuri kwenye karatasi mbaya tunamsahihisha, ambaye hakutokea hatuna cha kumsahihisha. Wewe ulidhani unaficha umaskini wako. Ulichoficha ni kazi yako.

Sasa kuhusu hiyo aibu, ngoja nikupe historia kidogo, uzee unaniruhusu. Sisi tulisoma kwenye meza za kuchorea. Meza ilikuwa ya chuo, rula kubwa ya chuo, stuli ya chuo. Kalamu za wino zilikuwa ghali kweli, tukichangia seti moja watu watatu, na ukikosea mstari kwenye karatasi ya kunakilia ulikuwa unaukwangua kwa wembe taratibu, usitoboe. Tofauti za nyumbani zilikuwepo, nani hakuziona viatuni? Lakini mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mvuvi walikuwa wanainamia meza ileile. Kompyuta zilipoingia, ile meza ilihama chuoni ikahamia kwa mzazi. Hakuna kikao kilichoitishwa na hakuna mzazi aliyeulizwa kama anaiweza. Printa nayo ikafuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo unapokaa usiku ukijiona mzembe kwa sababu Revit haifunguki, kumbuka unabeba gharama ambayo zamani ilikuwa ya taasisi, na unaibeba kwa mihogo ya mama yako.

(Walimu wa studio mnaonisoma: shiti saba za A1 za rangi kwa kazi ya muhula mmoja zinapima nini? Nauliza tu. Mkitoa zoezi, andikeni na ukubwa wa juu wa karatasi, na ruhusuni nyeusi na nyeupe.)

Turudi kwa mama, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Ulikata simu kwa sababu ulitaka kumkataza na hukuwa na kitu cha kumpa mahali pa lile alilotaka kukupa. Mama anataka kukusaidia, ukimwambia “acha” tu atasikia kwamba msaada wake hautoshi, na ataenda kuchukua ule mkopo kimyakimya. Mpigie leo, umpe kazi ambayo katika dunia hii ni yeye tu anayeweza kuifanya. Mwambie akafuatilie cheti cha kifo cha baba.

Kinapatikana hata miaka ikiwa imepita. Aanzie kwa mtendaji apate barua ya utambulisho, abebe kitambulisho chake na karatasi yoyote ya matibabu ya marehemu kama imebaki kwenye sanduku, kisha aende Masoko, kwenye ofisi ya usajili iliyopo kwa Mkuu wa Wilaya. Kifo kilichochelewa kusajiliwa kina utaratibu wake na ada yake, watamwelekeza. Wazee wawili waliokuwepo mazishini wakiwa tayari kuthibitisha itamrahisishia. Atazungushwa? Huenda, siku moja au mbili. Lakini nauli ya Kivinje mpaka Masoko na hiyo ada haiwezi kufikia rejesho la wiki moja la kausha damu.

Na kuhusu hao watu, mweleze mama hesabu, usimweleze hofu. Amuulize huyo bwana mambo matatu akiwa amesimama mbele yake: leseni yake ya Benki Kuu iko wapi, jumla nitakayorudisha mpaka siku ya mwisho ni shilingi ngapi, na nikikosa siku moja nini kinatokea. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Wengi wao swali la kwanza tu linawakumbusha kwamba wana haraka. Kama mama anatafuta mtaji wa biashara yake, hilo ni jambo jingine na ni jema: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na wanawake hukopeshwa wakiwa kwenye vikundi. Aulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini huo ni mtaji wa samaki, mwanangu, wala isiwe laptop yako.

Cheti kikishatoka, kazi inarudi kwako. Kinatakiwa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla Bodi ya Mikopo haijakipokea, na uhakiki huo unafanyika kwa mtandao. Halafu usome vizuri mkopo wako ulivyopangwa, kitu ambacho nina hakika hujakifanya, kwa sababu barua yako inasema “mkopo” kana kwamba ni gunia moja. Bodi haitoi gunia. Kuna fungu la chakula na malazi, hilo mnaloliita bumu, ambalo mwaka 2022 lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kuna vitabu na viandikwa. Kuna ada ya mafunzo. Kuna mafunzo kwa vitendo, yaani hela ya fildi, na kuna utafiti. Na kuna fungu ambalo wanafunzi wa studio ndio wangepaswa kulijua kwa jina kuliko watu wote: mahitaji maalumu ya kitivo. Ingia kwenye SIPA, ile akaunti yako ya mkopo kwenye mtandao wa Bodi, tazama umepangiwa nini katika kila fungu, andika kwenye karatasi.

Ukiwa na karatasi hiyo na cheti kilichohakikiwa, nenda dawati la mikopo la chuo. Muulize afisa mikopo maswali mawili: fungu la mahitaji maalumu nimepangiwa kiasi gani, na dirisha la rufaa linafunguliwa lini. Kila mwaka, baada ya majina ya waliopangiwa kutangazwa, Bodi hufungua muda mfupi wa rufaa kwa wanaoona walichopangiwa hakilingani na hali yao, na rufaa inakwenda na vielelezo. Machozi siyo kielelezo, cheti cha kifo cha mzazi ni kielelezo. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, chukua na namba ya kaya, nayo ina uzito. Soma mwongozo wa mwaka husika mwenyewe, usisomewe na jamaa wa bwenini. Na usingoje siku ya mwisho, mtandao siku hiyo hujaa kama daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Pita pia kwa Mshauri wa Wanafunzi. Ofisi yake wengi wenu mnaijua kwa mambo ya vyumba na ugomvi, lakini mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku ni jambo linalomhusu, tena ni vema liwe kwenye kumbukumbu yake kabla halijawa tatizo la mitihani. Serikali ya wanafunzi nayo mara nyingi ina waziri wa mikopo. Mtafute, ndiyo kazi aliyoombea kura.

Haya, studio. Hapa ningeweza kuandika mpaka asubuhi.

Laptop kwanza. Kabla ya kununua nyingine, mpelekee fundi anayeaminika akwambie kama inakubali kuongezewa RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kubadilishiwa diski kwa kuwekewa SSD, diski ya kasi. Mashine nyingi za zamani zinafufuka hapo, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya laptop. Halafu acha kuilazimisha ibebe kila kitu. Chora plani na mikato (michoro ya jengo kana kwamba limepasuliwa kwa kisu) kwenye AutoCAD au hata kwa mkono, modeli ndogo ya kuonyesha umbo ifanye kwenye SketchUp ya mtandaoni, ambayo ni bure. Kazi nzito ya Revit ipeleke maabara ya kompyuta ya idara, usiku au Jumamosi watu wakiwa wachache. Omba ruhusa hiyo kwa mwalimu siku hiyohiyo unayoomba radhi, maana ukweli ukishatoka unakuja na faida zake.

Programu zenyewe usinunue wala usitumie za kuvunja kufuli, zinakuja na virusi, na mashine yako haina nguvu ya kuugua. Autodesk wanawapa wanafunzi AutoCAD na Revit bure kwa mwaka mmoja mmoja, unahuisha kadiri unavyoendelea kuwa mwanafunzi. Archicad nao wana leseni ya bure ya wanafunzi. Blender ni bure kwa kila mtu, na picha zake zikipigwa vizuri hakuna atakayekuuliza umetumia nini.

Karatasi sasa, ndiko damu yako inakovuja. A1 moja ni A4 nane. Shiti zako saba ni A4 hamsini na sita za rangi, na najua ulizitoa zaidi ya mara moja, kwa sababu kosa la kwanza huonekana baada ya kuprinti. A3 kwa eneo ni robo ya A1, lakini kila upande wake ni nusu kamili ya upande wa A1. Maana yake mchoro uliochorwa kwa skeli ya 1:100, yaani jengo limepunguzwa mara mia, kwenye A1 ukiutoa kwenye A3 unakuwa 1:200 barabara, na wa 1:50 unakuwa 1:100. Rula ya skeli bado inasoma. Kwa hiyo majaribio yote, masahihisho yote na mazungumzo yote ya kila wiki yafanye kwa A3 nyeusi na nyeupe. A1 itoe mara moja, siku ya mwisho, na rangi iweke kwenye shiti moja tu inayostahili. Nyingine ziache na mistari yake. Tofautisha unene wa mistari: ukuta uliokatwa mzito, fanicha nyembamba, vivuli kwa penseli baada ya kuprinti. Nimeona shiti za namna hiyo zikinyamazisha chumba kilichojaa picha za kung'aa.

Tena steshenari ya pale getini ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu inajua mna haraka. Mkikusanyika watano, mkapeleka kazi zenu pamoja mahali wanapoprinti michoro ya ofisi, siku mbili kabla, mtaongea bei. Usiku wa kuamkia kuwasilisha hakuna anayeongea bei.

Modeli haitaki kadibodi ya dukani. Uliponunua laptop, Kariakoo, maboksi yanatupwa kila jioni. Boksi la friji ni eneo la kiwanja kizima, lenye kontua zake, yaani miinuko ya ardhi. Vijiti vya mishikaki ni nguzo, vipo kwa mafungu. Mfuko wa saruji ukisafishwa unatoa karatasi ngumu ya rangi ya udongo ambayo hakuna duka linaiuza. Kwa miti, chana sponji la kuoshea vyombo. Ukiwa hapo Kariakoo, inua macho uangalie soko lenyewe. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970, na lile paa lake la miamvuli ya zege unaweza kumweleza mtu kwa mkato mmoja wa penseli. Wazo likiwa zito halidai rangi.

Najua kuna kishawishi kingine hujakiandika. Wanafunzi wa mwaka wa tatu huanza kuuza ramani za nyumba kwa WhatsApp. Kuwa mwangalifu. Kujitangaza kama mbunifu majengo na kubeba kazi za watu kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ni kuvunja sheria, na mteja akipeleka huo mchoro halmashauri kuomba kibali cha ujenzi utakwama kwa kukosa muhuri, naye atarudi kudai hela yake kwako ukiwa umeshaila. Njia halali ni kuchora chini ya ofisi iliyosajiliwa. Ofisi ndogo siku zote zina michoro iliyokwama: kupima nyumba iliyopo, kuchora choo upya, kusahihisha shiti za juzi. Ulipofanya fildi, si ulifahamiana na watu? Wapigie, waombe kazi ya likizo wakulipe kwa shiti. Mtoto wa fundi anayejua tofali linavyokaa ni hazina ofisini, wenzako wengi wanachora kuta ambazo haziwezi kupigwa lipu.

Baba mdogo je? Ana nusu ya haki. Nyumba kweli hujengwa na fundi. Lakini anapokwambia uache, anafikiria tumbo lako la wiki hii, na simlaumu, kwa sababu ni ndugu na anaona unavyokonda. Kama mambo yakizidi, kuacha na kuahirisha ni vitu viwili tofauti. Kuahirisha kunafanywa kwa barua, chuo kinakubali, Bodi inaarifiwa, nafasi yako inabaki. Ukiondoka kimya unapoteza vyote, na deni linabaki. Deni lenyewe lisikutishe kupita kiasi: unapewa miezi 24 baada ya kumaliza masomo, kisha makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kama sheria ilivyobadilishwa mwaka 2016. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa inawatesa waliotangulia, ilifutwa mwaka 2021. Likilinganishwa na kausha damu hilo ni deni la kiungwana. Kasoro yake ni kwamba kozi yako ni ya miaka 5, kwa hiyo utakopa miaka mingi kuliko rafiki yako wa miaka 3, na hilo ulijue mapema.

Watu watakutajia Francis Kéré, mbunifu majengo wa Burkina Faso, mtu wa kwanza kutoka Afrika kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya ubunifu majengo, mwaka 2022. Mimi huwa sipendi mifano hiyo inavyotumika, kana kwamba kila mtoto wa kijijini akivumilia njaa vizuri atafika huko. Ila kuna kipande kimoja cha maisha yake ambacho huwa kinarukwa. Alifika Ujerumani mwaka 1985 kwa ufadhili wa kujifunza useremala, akaja kusoma ubunifu majengo Berlin baadaye, na akiwa bado mwanafunzi alianzisha chama cha kuchangisha fedha ili ajenge shule ya msingi kijijini kwao Gando. Shule ikakamilika mwaka 2001, yeye akahitimu 2004. Maana yake yule bwana alikuwa anasimama mbele ya watu anaomba. Alitaja shida kwa jina lake na bei yake. Wewe umekaa mwaka wa tatu darasani na watu ambao hawajui kama umekula.

Kwa hiyo wiki yako ni hii. Leo mama, kabla hajaweka friji dhamana. Kesho SIPA na dawati la mikopo. Kabla ya Ijumaa mwalimu. Na usiende kwake na flashi peke yake: zile kazi mbili zitoe zote kwa A3, nyeusi na nyeupe, uandike chini ya kila moja skeli yake mpya kwa penseli. Ile elfu kumi uliyokuwa uende nayo zahanati, nenda nayo steshenari, siyo ile ya getini. Chenji ikibaki, kula.